Chini ya Landrova ya Ukweni

Baba mkwe wangu tumemzika Newala mwezi uliopita. Msemaji wa familia, kijana wa mjini aliyemjua marehemu kwa kumsalimia tu, alisimama chini ya turubai akatuambia kwamba mzee huyu katika maisha yake yote hakuwahi kubishana na mtu, wala wa nyumbani kwake hawakuwahi kumbishia. Nilicheka. Sikukusudia, kilinitoka tu, na mke wangu Skola aliyekaa na wanawake upande wa pili akanikata jicho ninalolijua tangu ujana. Baadaye wakasema Baba Tekla, yaani mimi, atazungumza kwa niaba ya wakwe. Nikasimama, nikawashukuru waliotoka Masasi na Ndanda na kwingineko, nikasema mzee alinipokea vizuri, nikakaa. Uongo mtupu. Hakunipokea vizuri, mimi nami sikumtendea vizuri, na kama tulikuja kupendana, na tulipendana sana, ilitokana na mwaka mmoja ambao nusura nimuue kwa adabu yangu. Sasa nina umri wa kuyasema haya bila kuona haya. Gereji yangu ya Masasi naiendesha kwa mdomo zaidi kuliko kwa spana, magoti hayanikubalii tena kulala chini ya gari, na fundi asiyeweza kulala chini ya gari hubaki na kazi ya kukumbuka.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipopanda Newala kutoka Lupaso na begi moja na jembe jipya. Kwetu kusini, uwe Mmakua, Mmakonde au Myao, mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, au tuseme ilikuwa hivyo kabla vijana hawajaanza kupanga vyumba mjini na kuwasalimia wakwe zao kwa simu. Unakaa ukweni mwaka, unalima shamba lao, unajenga wanachotaka kijengwe, nao wanakutazama. Korosho zikishavunwa, mjomba wa binti anakuja, mnakaa kikao, na neno lake ndilo linaloamua kama ndoa imesimama au mtu anarudishwa kwao na begi lake, mke akibaki. Lupaso alikuwapo mzee mmoja aliyerudishwa hivyo akiwa kijana. Alioa kwingine, akazaa, akaota mvi, na bado watu walimwita Mrudishwa, hata watoto wa majirani. Mimi jina lile niliogopa kuliko simba. Kwa hiyo mjomba wangu aliponiweka chini kabla ya safari, nilisikiliza kwa masikio yote mawili. Mama mkwe usimtazame usoni, ukikutana naye njiani pisha mpaka majanini. Chakula usimalize kwenye sahani. Na ukiambiwa jambo, jibu ni ndiyo, hata wakikuambia jua linachomozea Msumbiji.

Tulipewa chumba cha mwisho, chenye dirisha la ubao lililotazama jiko la nje. Chumba kilinuka moshi, mafuta ya nazi na magunia ya mbaazi yaliyopangwa hadi darini, na ilitubidi tuyazunguke kufika kitandani. Nilikaa humo mwaka mzima, na Mama Skola, mwenye nyumba, nilimjua kwa miguu yake, pindo za kanga zake na kikohozi chake. Alikuwa akikohoa kila alipotaka kukatiza uani, kikohozi cha makusudi, mara mbili, ili mimi nipate muda wa kugeukia ukutani au kuingia ndani. Chakula tulikula barazani, baba mkwe kwenye mkeka wake na mimi kwenye wangu, hatua kadhaa kutoka kwake, kila mmoja na sahani yake. Ugali mweupe wa muhogo, kisamvu cha karanga, mbaazi, na siku za neema panya wa shambani waliokaushwa, wale tunaowaita samaki nchanga, ambao mgeni hapaswi kuwasema vibaya kabla ya kuwaonja. Nilikuwa naacha matonge matatu manne kila mlo, nikilala na njaa ya adabu, mpaka Skola akaanza kuniletea ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa ndani ya pindo la kanga. Alikuwa akinitazama nikitafuna huku akicheka, akisema mtu wa bondeni kaja kufa njaa kwenye nyumba yenye chakula.

Kilichokosekana kwenye nyumba ile ni maji. Newala iko juu ya uwanda, ukisimama ukingoni unaliona bonde la Ruvuma limelala chini bluu, na maji yenyewe yako huko huko bondeni. Mabomba yalikuwapo, ila yalitoa upepo. Ndiyo maana palikuwa na landrova. Ilikuwa mali ya Mjomba Chilumba, kaka yake Mama Skola, mfanyabiashara aliyeishi Mtwara, ambaye miezi michache kabla ya mimi kufika aliileta kwa dada yake ili ishuke bondeni na mapipa manne na kurudi nayo yamejaa. Baba mkwe ndiye aliyeiendesha. Ujanani alikuwa dereva wa malori, amepinda kidogo upande wa kulia kama madereva wa zamani, na hakumruhusu mtu mwingine kugusa usukani. Mimi nilikaa nyuma na mapipa. Kukaa mbele bega kwa bega na baba mkwe lisingekuwa jambo la kufikiriwa, na nadhani naye angeona haya.

Kiangazi kilipoanza gari likawa linayumba. Likiingia shimo linagonga chuma kwa chuma, na usukani unahama wenyewe mkononi. Baba mkwe akalaza gunia chini, akaingia na mtaimbo, akasukuma hapa na pale, akatoka akasema bushi za springi za mbele zimekwisha. Kwa asiyejua, bushi ni kipande cha mpira kilichofungwa ndani ya bomba fupi la chuma, kinachokaa kwenye tundu la springi pale inaposhikana na gari. Bolti inapita katikati. Springi ikipanda na kushuka, mpira ule ndio unaojipinda, chuma hakisuguani na chuma. Mpira ukifa, gari zima linaanza kugombana. Nikatumwa Masasi, nikarudi na bushi mpya zimefungwa kwenye gazeti, na asubuhi yake tukapandisha gari uani, jeki kwanza, kisha magogo mawili ya mninga chini ya chasisi, magurudumu ya mbele yakaning'inia.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza, na ninapowasimulia vijana wa gereji hawanielewi. Kazi hii inafanywa chali. Unalala chini ya gari, miguu nje, imetanuka, nyayo zinawatazama watu. Mkwe hawezi kulala hivyo mbele ya mama mkwe, ni heri atembee uchi sokoni. Lakini jiko liko pale, hatua kumi, na mwanamke ana watu wa kuwapikia. Kwa hiyo kila kilipokuja kikohozi, mara mbili, mimi nilijivuta mzima mzima chini ya gari, miguu na yote, nikajikunja karibu na gia kama kobe, nikangoja kanga zipite. Siku ya kwanza nilijigonga kichwa mara sita. Siku ya pili Mama Skola alimaliza udhia, akatundika mkeka kwenye ubavu wa gari upande wa jikoni. Alimtuma Skola aufunge kwa kamba, na toka hapo nikafanya kazi nyuma ya pazia kama bibi harusi.

Bushi za zamani hazikutaka kutoka. Tuliziteketeza kwa moto, moshi mweusi wa mpira ukaingia jikoni na mboga ya siku ile ikawa na ladha yake, tukakata bomba lililobaki kwa msumeno, tukalitoa kwa tindo na nyundo. Mpya tulizivuta ndani kwa bolti ndefu na vipande vya bomba, kidogo kidogo. Mpira huingia vizuri ukiulainisha kwa maji ya sabuni, na baba mkwe alisema mafuta ya injini yanatosha, nani atapoteza maji kwa ajili ya gari. Nilisema ndiyo, baba. Mafuta huuozesha mpira na nililijua hilo, lakini nilisema ndiyo. Kikombe cha maji kililetwa na Skola bila mtu kukiomba, kumbe mama yake alikuwa ametusikia. Baba mkwe alikitazama, akaguna, akachovya kidole. Leo nikikumbuka ndipo naona kwamba mwanamke yule aliyejificha nyuma ya mkeka alikuwa akiifuata kazi yetu hatua kwa hatua.

Springi zikarudi mahali pake, bolti zikapita, nati zikashikwa kwa vidole. Sasa, kabla ya kuoa nilikuwa nimefanya kazi miezi minane kwenye karakana moja upande wa Ndanda, na huko fundi wetu, mtu mnene mwenye maneno machache, alitufundisha jambo moja akilirudia hadi tukachoka. Bushi za mpira usizikaze gari likiwa limening'inia. Lishushe kwanza, likae kwa uzito wake kwenye magurudumu, springi zilale zinavyolala barabarani, ndipo ukaze. Ukikaza likiwa juu, mpira unashikwa katika hali isiyo yake, na gari likishuka tu tayari umeshapindwa. Ni kama mtu anayefanya kazi kutwa baada ya kulala shingo imekunjwa. Kila shimo linampinda zaidi, na baada ya wiki chache mpira unachanika. Nilijua hili kama ninavyojua jina langu. Baba mkwe hakujua, na hakuwa mjinga. Malori aliyoyaendesha na kuyatengeneza yalikuwa na bushi za shaba zinazopakwa grisi, na zile unaweza kuzikaza gari likiwa popote. Alichuchumaa ubavuni, akachungulia, akaona nati ziko wazi na spana inafika vizuri.

"Kaza," akasema.

Nililala pale na spana kifuani. Naweza bado kuuona upande wa chini wa ile landrova, udongo mwekundu ulioganda, waya uliofungwa kwa kitambaa cha kanga. Nilifikiri juu ya mjomba wangu, juu ya Mrudishwa, juu ya kikao. Nilifikiri pia, na hili ndilo linaloniuma, kwamba pengine haitakuwa kitu. Nikasema ndiyo, baba. Nikakaza zote, kwa nguvu zangu zote, na alipozijaribu akaniambia mkono wangu mzuri. Ilikuwa sifa yake ya kwanza kwangu. Nilikula vizuri mchana ule.

Wiki ya saba tulikuwa tunashuka bondeni asubuhi, mapipa matupu. Nilikuwa nimeanza kusikia kugonga tena siku mbili tatu kabla, nikajiambia ni mapipa. Kwenye kona ya pili ya mteremko gurudumu la kushoto liliingia kwenye mfereji wa mvua, usukani ukahama, gari likaenda kushoto kama lililoitwa, likapiga jiwe na kulala ubavu. Mimi nilirushwa kwenye vichaka pamoja na mapipa mawili, nikatoka na mikwaruzo. Yeye alikuwa amebanwa kwenye mlango, mkono wa kulia umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Mapipa yangekuwa yamejaa yangemfuata mbele na tungemzika mwaka ule. Lori la mbao lililokuwa likipanda likamchukua hospitali, akafungwa plasta kutoka begani hadi kwenye vidole. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia vizuri kabisa, akavunjika mkuu mwenyewe.

Landrova ilivutwa na trekta hadi uani, imeumia mlango na madigadi, lakini chasisi nzima. Nilipotoa bushi, zote mbili za mbele kushoto zilikuwa zimechanika upande mmoja, upande ule ule, kama karatasi. Baba mkwe alizigeuza kwa mkono mzima akasema ni feki, Masasi wamekuuzia feki, safari hii nenda duka lingine. Nikasema ndiyo, baba. Nilipomweleza Skola kweli yote, tukiwa chumbani kati ya magunia, hakunigombeza. Aliuliza kama bushi mpya zikikazwa vilevile itakuwaje. Nikamwambia itakuwa vilevile. Akauliza kama mapipa yatakuwa matupu na safari hiyo. Tukabaki hivyo, mimi naogopa kurudishwa na yeye anaogopa kufiwa, na Mjomba Chilumba ameshatuma salamu kwamba atakuja korosho zikiisha, na atataka kujua nani aliyelilaza gari lake.

Siku ya kufunga bushi za pili nilikuwa chini ya gari mapema, peke yangu, nyuma ya mkeka. Jikoni Mama Skola na binti yake walikuwa wanamenya muhogo, nasikia kisu na vipande vikidondoka kwenye beseni. Waliongea Chimakonde, ambacho mimi Mmakua nilikuwa nimeanza kukishika, wakachanganya na Kiswahili. Walisema habari za jirani aliyeuza mbuzi, za padri mpya mwenye sauti ndogo. Kisha Mama Skola akashusha sauti, nami nikasikia ninatajwa. Skola alinitetea, akasema mume wake ana heshima. Mama yake akajibu taratibu, bila hasira, na maneno yale niliyabeba mwaka baada ya mwaka.

"Nkwe anatii, sikatai. Mbwa wetu naye anatii. Mwaka unaisha, na mimi sijui mwanangu anaishi na ntu gani."

Nilidhani mwaka ule ninajenga jina. Kila tonge nililoliacha, kila ndiyo niliyoitoa, niliihesabu kama tofali. Kumbe upande wa pili wa mkeka aliyekuwa akinitazama hakuona nyumba yoyote. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, hata nilipofanya makosa makubwa zaidi. Nilitaka kulia na nadhani nililia kidogo, kwani nikiwa chali machozi yaliniingia masikioni. Ndipo nikasikia kigoda kikiburutwa, baba mkwe amekuja, amekaa ubavuni na mkono wake wa plasta mapajani. Tukafanya kazi kama saa mbili. Bushi zikaingia, bolti zikapita.

"Haya," akasema. "Kaza."

"Baba, sikazi."

Jikoni kisu kikanyamaza. Baba mkwe akauliza nimesemaje, kwa sauti ya mtu anayedhani masikio yamemdanganya. Nikarudia kwamba sikazi, mpaka gari lishuke chini. Akaniamuru nitoke. Nikatoka, nikapiga magoti kwenye udongo, nimejaa vumbi na machozi, nikachukua bushi iliyochanika nikamwonyesha upande uliochanika na kumweleza kwa nini ni upande huo. Aliielewa kabla sijamaliza. Alikuwa fundi wa kweli, akaona mpira unavyoshikwa, unavyopindwa, akatikisa kichwa taratibu. Kisha nikaona akili yake inakwenda hatua moja mbele, kule nilikokuwa nikikuogopa.

"Mara ya kwanza hukuwa unajua?"

Skola aliniambia baadaye kwamba alikuwa jikoni anaomba niseme sikujua, niseme nimefundishwa juzi Masasi. Ingekuwa rahisi. Na mimi nililiona neno hilo limekaa mdomoni tayari.

"Nilijua, baba."

Akaitia ile bushi mfukoni, akainuka, akaingia ndani. Hakunisemesha siku nne. Nililishusha gari peke yangu, nikakaza bolti likiwa limesimama kwa miguu yake, nikanawa kwa mchanga. Siku nne hizo gari likakaa tu, Mama Skola akaendelea, kama tangu ajali, kwenda bondeni na ndoo kichwani alfajiri na wanawake wenzake, saa nne kurudi, na kila nilipoomba kwenda badala yake Skola alirudi na jibu kwamba ninyamaze kwanza. Siku ya tano baba mkwe alitoka amevaa kofia yake ya safari. Akazunguka gari, akafungua mlango wa kushoto, wa abiria, akaketi. Akatazama mbele akasema, "Endesha." Nikakaa naye bega kwa bega kwa mara ya kwanza. Kwenye kona ya pili alishika dashibodi kwa mkono mzima. Gari halikuyumba hata kidogo.

Bondeni, nilipokuwa najaza mapipa, alikaa kwenye jiwe akanisimulia jambo. Alisema yeye naye alikuja nyumba ile kama mkwe, miaka ishirini na sita iliyopita, kutoka vijiji vya upande wa pili wa uwanda. Kazi yake ya mwaka wa kwanza ilikuwa kuchimba kisima cha kuhifadhi maji ya mvua, cha saruji, na Chilumba, shemeji yake, ndiye aliyeleta saruji na kuonyesha mahali, karibu na mkorosho mkubwa ili kipate kivuli. Yeye aliijua mizizi ya mkorosho. Alijua itapasua ukuta. Akasema ndiyo, shemeji, akachimba. Mvua ya kwanza kisima kilishika, ya pili kikapasuka, na lile shimo nyuma ya nyumba, ambamo kuku walikuwa wanataga, ndilo lilikuwa hilo. Alisema hajawahi kumwambia mtu. Kisha akasema kwamba Chilumba akijua nilikaza huku najua, atanirudisha siku ile ile, kwa hiyo yeye hatamwambia, na mimi nifunge mdomo. Alikuwa ananipa zawadi, na nilimpenda kwa hilo. Lakini maneno ya Mama Skola yalikuwa bado masikioni mwangu.

Mjomba Chilumba alifika wiki ya mwisho ya korosho, mtu mkubwa, suruali imenyooshwa, akapewa kiti cha pekee chenye mgongo. Mimi nilikaa chini, na baba mkwe naye, nikashangaa, akakaa chini, kwenye mkeka, magoti pamoja, kama kijana. Mama Skola alikaa ndani, nyuma ya mlango uliorudishwa nusu. Baada ya salamu zote na habari zote, mjomba akauliza kwanza habari za gari. Baba mkwe akafungua mdomo aseme feki. Nikamtangulia. Nilieleza yote, bushi, magogo, kaza, na kwamba nilijua. Mjomba alinitazama kama mtu anayetazama shimo kwenye paa lake.

"Ulimwacha nzee wako aingie kwenye gari bovu, huku unajua," akasema. "Ntu wa namna hii tumweke ndani? Huyu arudi kwao."

Nilisikia Skola akivuta pumzi huko ndani. Nikainamisha kichwa, nikaanza kufikiri nitaanzaje kuingia Lupaso. Ndipo baba mkwe akasema, akitazama mkeka.

"Ukimrudisha huyu, shemeji, na mimi nirudishe."

Mjomba akauliza maana yake nini. Baba mkwe akamwambia habari za kisima, za mizizi, kwamba alijua siku ile ile alipoonyeshwa mahali, na kwamba yeye ndiye aliyesema kaza, kwa hiyo kosa la mwaka huu ni lake, na kosa la mkwe wake ni lile lile alilolifanya yeye akiwa na umri huo huo. Aliongea polepole na alitokwa na jasho. Mjomba akageuza macho kuelekea nyuma ya nyumba, maana mahali palionyeshwa na yeye.

Mlango ukafunguka. Hapakuwa na kikohozi. Niliona miguu ya Mama Skola ikivuka kizingiti, ikaja mpaka katikati ya baraza, mbele ya wanaume watatu, ikasimama.

"Miaka ishirini na sita nimebeba maji kichwani, Baba Skola."

"Ishirini na sita," Mama Skola akarudia.

Hakulia wala hakupaza sauti. Kaka yake akamwita, dada, unasemaje kuhusu huyu kijana. Akasema hakuna anayerudishwa. Akasema kesho wakwe hawa wawili watachimba kisima kingine.

"Na mahali," akasema, "nitachagua mimi."

Alichagua mbali na miti yote, upande wa juu wa nyumba, akaweka alama kwa kisigino. Tulichimba kuanzia asubuhi ile, baba mkwe na mkono wake uliokuwa bado haujapata nguvu, na mimi. Siku ya tisa tulipoanza kujenga ukuta, kila mmoja upande wake, alirudi nyuma hatua mbili akafumba jicho moja, akaniuliza kama upande wake umenyooka. Nikautazama vizuri. Nikamwambia haujanyooka, baba. Akabomoa mistari miwili ya matofali, akaomba niushike uzi, akaanza upya.